Kihenge kinachosema: mafuta ya mwilini na kisukari

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji wetu wa afya kwa vijana wa Unyambwa, mkoani Singida. Tumeyachapa kama alivyoyasema, pamoja na baadhi ya maswali aliyoulizwa mwishoni.)

 

Leo sikuja na dawa wala sikuja kumcheka mtu. Nimekuja tuzungumze habari ya mafuta. Sisemi mafuta ya alizeti, hayo mnayajua kuliko mimi. Nasema mafuta yaliyo chini ya ngozi yetu na ndani ya tumbo.

Nianze na mama yangu mdogo. Alikuwa akiuza chakula mjini Singida. Alikuwa mnene, na watu wakimsifu: "Mama umependeza, mambo yako mazuri!" Nikirudi likizo kutoka chuo, mimi mwembamba nilikuwa naulizwa kama chuoni wanatunyima chakula. Baadaye mama mdogo akaanza kupungua bila kujinyima chochote. Anakunywa maji ndoo nzima, usiku anaamka mara tano kwenda kukojoa. Majirani wakaanza kunong'ona. Mnajua wenyewe watu wakimwona mtu anakonda wanasema nini. Eti ana UKIMWI. Basi naye akaogopa, akajifungia ndani, akakaa miezi saba bila kwenda kupima.

Alipokuja kupelekwa hospitali alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Akapimwa virusi vya UKIMWI, hana. Akapimwa sukari, ikasoma 19. Alikuwa na kisukari. Yuko hai na anatumia dawa, lakini vidole viwili vya mguu vilikatwa. Mimi najiuliza mpaka leo: je, kama tungejua, vile vidole si vingekuwepo?

Kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri.

Ghala lenye mdomo

Sote tunajua kihenge. Mavuno yakiwa mazuri unajaza, njaa ikija unachota. Zamani hata madaktari walidhani mafuta ya mwili ni kihenge tu, yaani akiba iliyolala. Chakula kikizidi mwili unakigeuza mafuta na kukiweka. Hilo ni kweli, na ndiyo maana mafuta si adui. Binadamu asiye na mafuta kabisa hawezi kuishi.

Lakini kihenge hiki kina mdomo, kinasema. Mwaka 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller huko New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, walitangaza kuwa wamegundua chanzo cha hormoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe. Hormoni ni mjumbe. Inatoka kiungo kimoja, inasafiri kwa damu, inapeleka habari kiungo kingine. Hii waliiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba.

Kazi ya leptini ni kuuambia ubongo: "Akiba ipo, punguza njaa." Mafuta yakipungua, leptini nayo inapungua, na ubongo unapiga kelele: "Kula!"

Sasa utauliza, mtu mnene ana mafuta mengi, kwa hiyo ana leptini nyingi, mbona bado anasikia njaa? Swali zuri. Mtu aliyehamia jirani na mashine ya kusaga, siku ya kwanza halali kwa kelele. Baada ya mwezi hata haisikii. Ndivyo inavyokuwa kwa ubongo. Leptini ikiwa nyingi kila siku, ubongo unaizoea na kuacha kuisikiliza. Ndiyo maana kuwapa watu wanene sindano za leptini hakukuleta faida iliyotarajiwa. Iliwasaidia sana watu wachache mno waliozaliwa bila hormoni hiyo.

Ndiyo maana nawaambia tusimcheke mtu mnene kwamba ni mlafi. Anapigana na mwili wake mwenyewe.

Moto usioonekana

Ukikatwa na jembe, kidonda kinavimba, kinakuwa chekundu, kina joto, kinauma. Hiyo ni kazi ya kinga ya mwili. Askari wa damu, yaani chembechembe nyeupe, wamefika kupambana na vijidudu na kusafisha. Wataalamu wanauita mchochota. Kidonda kikipona, askari wanarudi kambini na moto unazimika.

Kwa mtu aliyenenepa kupita kiasi, kuna mchochota mwingine, wa chini chini, usiouma wala kuonekana. Chembechembe za mafuta zinavimba kama magunia yaliyoshindiliwa. Nyingine hazipati hewa ya oksijeni ya kutosha, zinakufa. Askari wa damu wanaitwa kuja kusafisha. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya wanyama na watu wanene yamejaa askari hawa. Na kwa kuwa magunia yanaendelea kushindiliwa, askari hawaondoki. Wanakaa miaka wakimwaga kemikali zao za vita. Mojawapo ni TNF-alfa, ambayo tangu mwaka 1993 ilionekana katika mafuta ya panya wanene na kuhusishwa na kisukari chao.

Kemikali hizo zinadhuru nini? Hapa twende zizini.

Mchungaji na lango

Ukila ugali, unageuka sukari na kuingia kwenye damu. Sukari hiyo ni kama ng'ombe waliorudi jioni. Wanatakiwa waingie zizini, yaani ndani ya misuli na ini, wakatumike au wakahifadhiwe. Anayefungua lango ni mchungaji anayeitwa insulini. Insulini ni hormoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Sasa zile kemikali za mchochota zinafanya kazi ya mtu aliyeweka miiba langoni. Mchungaji anasukuma, lango halifunguki vizuri. Isitoshe, kihenge kilichojaa kinamwaga mafuta nje, yanakwenda kukaa kwenye ini na misuli, mahali pasipo pake, na kuzidi kulibana lango. Tena mafuta yana hormoni nyingine njema iitwayo adiponektini, ambayo humsaidia mchungaji. Cha ajabu, mtu akizidi kunenepa hiyo inapungua.

Basi kongosho linafanya nini? Linaleta wachungaji wengi zaidi. Kwa miaka kadhaa linaweza, na mtu hajui kitu. Lakini likichoka, ng'ombe wanabaki nje. Sukari inajaa kwenye damu. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Sukari iliyozidi inaharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo ndipo zinapokuja habari za macho, figo, miguu kufa ganzi na vidonda visivyopona. Hata nguvu za kiume zinaweza kupungua. Naona mmecheka, lakini ni kweli.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba mafuta hayalingani. Yaliyo ndani ya tumbo, yanayozunguka matumbo na ini, ni hatari kuliko ya makalioni na mapajani. Kwa hiyo kitambi si cheo.

Mbona zamani haikuwepo?

Mwaka 1989 jarida la Lancet la Uingereza lilichapa utafiti wa daktari Donald McLarty na wenzake, waliopima watu wa vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya watu 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta karibu watu 9 kati ya 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, wana sukari ya juu au wanatumia dawa za kisukari. Umri wa waliopimwa na njia za kupima havikuwa sawa, kwa hiyo tusilinganishe kama kilo kwa kilo. Lakini mwelekeo unaonekana. Mwaka 2015–16 utafiti mwingine wa kitaifa uliona kuwa wanawake 28 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi.

Tutazame maisha yetu. Soda moja ya mililita 300 ina sukari karibu vijiko 8 vya chai. Asubuhi chai ya sukari na maandazi, mchana chipsi mayai, jioni wali. Mguu haugusi ardhi kwa sababu bodaboda ipo. Kihenge kinajazwa kila siku, hakuna anayechota.

Tufanye nini?

Kwanza, jipime. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo. Mwanamke akizidi sentimita 80, mwanaume akizidi 94, hatari inaanza kupanda. (Mjamzito hahusiki.) Mimi nilijipima mwaka jana, baada ya kuanza kazi ya kukaa mezani. Nilikuta 86! Na kwetu ugonjwa upo kwenye ukoo. Nilishtuka, nikaanza kutembea kwenda kazini.

Pili, tembea, lima, cheza mpira. Misuli inayofanya kazi huweza kuchukua sukari hata pale insulini inaposhindwa kufungua lango. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 uliwafuata watu waliokaribia kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Walilengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito tu. Mtu wa kilo 80, hizo si kilo 6 kamili.

Tatu, punguza soda na vya kukaangwa. Ugali wa uwele au mtama na mlenda, maharage, mboga za majani, si chakula cha kimaskini. Ila kiasi. Hata mafuta yetu ya alizeti, ukiyamimina bila kipimo, yanakwenda kihengeni.

Nne, usijinyime ghafla. Ukikaa na njaa siku tatu, leptini inashuka na ubongo unakudai deni lote. Punguza polepole.

Tano, ukiona kiu kali, kukojoa sana, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu au kidonda kisichopona, nenda kapime. Kwa aliyelala bila kula, sukari ya kawaida iko chini ya 6.1. Ikifika 7 au zaidi, na ikathibitishwa, ni kisukari.

Maswali

Mzee mmoja: Sisi tulikunywa maziwa na asali toka utotoni. Mbona hatukuugua?

Jibu: Kweli, babu. Lakini mlikunywa mkatembea na ng'ombe kutwa nzima. Mlichota kihengeni kila siku. Wajukuu wanakunywa soda wamekaa.

Kijana wa bodaboda: Mimi mwembamba, kwa hiyo nimepona?

Jibu: Hapana, kaka. Unene unaongeza hatari, lakini si sababu pekee. Kipo kisukari kinachowapata watoto na vijana, ambapo kongosho haliwezi tena kutoa insulini. Hao wanahitaji sindano ili waishi. Na wapo watu wazima wembamba wenye kisukari. Dalili zikikujia, pima.

Dada mmoja: Nikipungua watasema nina ngoma. Hata kuolewa itakuwa shida.

Jibu: Dada yangu, hili ndilo lililomponza mama yangu mdogo. Huwezi kumjua mwenye virusi kwa kumtazama. Yupo mnene mwenye virusi na yupo mwembamba asiye navyo. Pima vyote viwili, ujue hali yako. Maneno ya majirani hayakati vidole, ila kuyaogopa kunaweza kukufanya ukakatwa.

Kijana mwingine: Kuna dawa ya mitishamba inauzwa mnadani, inaondoa kitambi na kisukari kwa wiki mbili. Ni kweli?

Jibu: Weka hela yako mfukoni. Na aliyeandikiwa dawa hospitali asiziache kwa ajili ya chupa isiyojulikana ina nini ndani.

Vijana wenzangu, leo ukifika nyumbani fanya jambo moja. Mkumbuke mtu wa kwenu anayekunywa maji sana na kuamka usiku, na ambaye watu wameanza kumsema. Usimseme nawe. Mshike mkono, mwende zahanati pamoja.