Mabua Yasichomwe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima huko Ipuli, Tabora)

Nataka kusema habari za mabua tunayoyachoma kila mwaka baada ya mavuno.

Zamani za misafara ya Ujiji na pwani, chakula kingi kililimwa hapa Unyanyembe, wala hapakuwa na mbolea ya kiwandani. Shamba likichoka, mtu alihama akafyeka jingine. Siku hizi mji umetufikia, hapana pa kuhamia. Tena udongo wetu ni wa mchanga. Mvua ikinyesha, rutuba huzama nayo.

Wanyamwezi tangu zamani hufukia majani katika matuta, na desturi hiyo ni njema sana. Lakini wengine hufukia mabua makavu wakati ule ule wa kupanda, kisha mahindi yakigeuka manjano husema kwamba mbolea ya majani ni uwongo. Sivyo. Vijidudu vinavyoozesha mabua vyataka naitrojeni. Visipoipata ya kutosha katika mabua huitwaa ardhini, na mmea hubaki na njaa. Kwa hiyo hapana budi mabua yaozeshwe kwanza.

Bwana Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore katika Bara Hindi, alieleza namna yake katika kitabu cha mwaka 1931, na wenye mashamba ya kahawa katika Kenya wakaifuata. Mabua hukatwakatwa, hutandazwa tabaka kwa tabaka pamoja na majani mabichi, samadi, udongo na majivu kidogo, hutiwa maji, na kugeuzwa ili hewa iingie. Baada ya miezi 3 hivi huwa mboji.

Hapa kwetu yafaa kuanza mwezi wa Aprili, majani yangali mabichi. Mimi mwaka mmoja nilingoja hata Septemba, nikachota maji mpaka mabega yakaniuma! Aliyechelewa na achimbe shimo, maana shimo hutunza unyevu. Chomeka kijiti katikati: ukikichomoa kina moto, kazi yaendelea; kikiwa kikavu, ongeza maji; kikinuka vibaya, maji yamezidi, geuza.

Lakini kiduha chenye maua kisitiwe humo kamwe, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka mingi. Hicho ndicho cha kuchoma.