Kabla Kikundi Hakijanunua King'amuzi

(Maneno tuliyoyasema katika mkutano wa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia.)



Tumeombwa tuseme juu ya runinga. Pengine mmoja wenu anajiuliza, runinga na maendeleo wapi na wapi? Ndugu, tumekuja kusema juu ya pesa za kikundi.

Mwaka 2015 kikundi chetu kilichukua mkopo, tukanunua ving'amuzi 12, kimoja kwa kila nyumba. Muuzaji alikuwa na maneno matamu na bei yake ilikuwa nafuu. Tulipoviunganisha, hakuna hata stesheni moja iliyoonekana. Tulizungusha antena mpaka shingo zikatuuma. Siku ya tatu kijana wetu mmoja akasoma maandishi madogo kwenye katoni: DVB-T. Kumbe matangazo ya Kenya yanarushwa kwa DVB-T2! Muuzaji hakuonekana tena, na mkopo tuliulipa mpaka shilingi ya mwisho.

Tofauti ni hiyo "2" tu, lakini ni kubwa. Mwaka 2006 huko Geneva nchi nyingi zilikubaliana kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa siku ya mwisho. Kenya ilianza matangazo ya dijitali mwaka 2009 kwa kiwango cha kwanza, DVB-T. Baadaye ikahamia DVB-T2, ambacho hubeba angalau asilimia 30 zaidi katika masafa yale yale. Februari 2015 mitambo ya analogi ikazimwa Nairobi, na sehemu nyingine zikafuata. Sasa, king'amuzi cha kiwango cha kwanza hakiwezi kabisa kusoma cha pili, hata ukikiweka chini ya mnara wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, tafuteni maandishi mawili: DVB-T2 na MPEG-4. Ulizeni pia kama ni cha bure au cha kulipia kila mwezi.

Haya, tukapata ving'amuzi vya kweli. Picha ikawa safi, tukafurahi. Lakini mvua ikinyesha, katika nyumba tatu picha ilikuwa ikiganda, inakatika vipande vipande, halafu giza. Wazee wakasema, "Afadhali analogi. Ilikuwa na chengachenga, lakini tuliona."

Wazee walisema kweli, na sababu iko. Mnajua mhazini ana daftari, na kila mwanachama ana kadi yake. Daftari likimwagikiwa na maji, tarakimu chache zikafutika, kadi zitasaidia kuzirudisha, na hesabu itakuwa kamili. Lakini daftari na kadi nyingi zikiloa pamoja, hesabu haipatikani tena. Dijitali ni hivyo hivyo. Mtambo hutuma tarakimu pamoja na nyingine za ziada za kusahihisha makosa. Makosa yakiwa machache, king'amuzi huyarekebisha na wewe huoni kitu. Yakizidi kidogo tu, picha yote inaanguka. Kwa hiyo picha safi haina maana kwamba mawimbi yanatosha. Huenda uko ukingoni, na mvua au majani mabichi ya mti yatakusukuma.

Sisi tulikimbilia kununua kikuza mawimbi. Pesa nyingine hizo! Hakikusaidia, maana chombo hicho hukuza yale antena iliyopata, mazuri na mabaya pamoja. Ukichemsha maji yenye tope, hupati maji safi.

Dawa tuliipata bila kununua kitu. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Tuliufuata ule wa ubora. Mmoja alikaa ndani akiusoma kwa sauti, mwingine akawa nje akigeuza antena polepole, huku akingoja kidogo kila mara. Katika nyumba mbili antena ilikuwa imefichwa na mikaratusi; tukaihamisha upande wa pili wa paa na kuiinua juu zaidi ya mabati. Nyumba ya tatu tulikuta waya umeliwa na kutu kwenye maungio. Tukakata, tukaunganisha upya na kuziba vizuri maji yasiingie.

Msidanganywe pia kwamba lazima mnunue "antena ya dijitali". Antena ya zamani ya UHF, ile yenye vijiti vifupi, inafaa. Ile ya vijiti virefu peke yake mara nyingi haitoshi, kwa sababu matangazo haya yako UHF. Na palipo na kilima kati yenu na mnara, huenda hakuna antena itakayosaidia, hata muuzaji aape namna gani.

Ndiyo sababu sasa katika kikundi chetu tuna sheria moja. Hakuna pesa za wote zinazotoka mpaka chombo kimoja kijaribiwe jioni nzima katika nyumba ya mwanachama aliye mbali zaidi au bondeni. Muuzaji akikataa kujaribu, sisi nasi tunakataa kununua.

Mkirudi nyumbani, jadilianeni: Katika kikundi chetu, ni nani husoma maandishi ya katoni kabla mhazini hajafungua mkoba? Na kama hakuna, tumchague nani leo?