Protini za Mifereji katika Utando wa Bakteria na Usugu Usioonekana kwa Vipimo vya Jeni

Utangulizi

Bakteria wa kundi la Gram hasi, kama vile Escherichia coli, Klebsiella pneumoniae na Pseudomonas aeruginosa, wana utando wa nje ambao hauruhusu vitu vinavyoyeyuka katika maji kupenya ovyo. Virutubisho huingia kupitia protini zilizojikunja mfano wa pipa lililo wazi pande zote mbili, ziitwazo kitaalamu porini, ambazo Taiji Nakae na Hiroshi Nikaido walizieleza katika miaka ya 1970. Katika E. coli, protini ya OmpF hukaa tatu pamoja, kila moja ikiwa na mfereji wake, na molekuli zenye uzito unaozidi takriban daltoni 600 hukwama nje. Ndiyo sababu vankomisini, yenye daltoni zipatazo 1,450, haiwadhuru bakteria hao, ilhali seftriaksoni na meropenemu hupita. Zipo pia pampu za kutoa dawa nje ya seli, kama AcrAB-TolC, lakini hizo zinastahili mada yake.

Usugu unaotokana na kukosekana kwa mfereji

Kinachohitaji kujadiliwa kwa kina ni hali ambapo bakteria anakuwa sugu kwa kupoteza kitu alichokuwa nacho, bila kupata jeni mpya ya kuivunja dawa husika. Klebsiella pneumoniae ana mifereji miwili mikuu, OmpK35 na OmpK36. Aina nyingi zinazosumbua hospitali za Afrika Mashariki tayari hubeba CTX-M-15, kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, na matumizi makubwa ya dawa hiyo wodini yamewapa bakteria hao nafasi ya kutamalaki. Daktari anapolazimika kuhamia dawa za jamii ya kabapenemu, kama vile meropenemu, ertapenemu na imipenemu, kimeng'enya hicho peke yake hakiwezi kuzishinda, kwa kuwa huzivunja polepole mno. Hata hivyo, katikati ya matibabu wanaweza kuchomoza bakteria ambao jeni ya OmpK36 imeharibika, pengine kwa sababu kipande cha DNA kinachohamahama kimejipachika ndani yake. Kwa bakteria hao dawa huingia kwa kudondoka kidogo kidogo, na hata kimeng'enya dhaifu kinatosha kuidhibiti. Wakati mwingine mfereji haupotei kabisa, bali huongezewa asidi amino mbili, glisini na asidi aspatiki, katika sehemu yake nyembamba, ukabana dhidi ya dawa huku virutubisho vikiendelea kupita. Kwa Pseudomonas aeruginosa, kupotea kwa mfereji wa OprD hutosha kudhoofisha imipenemu bila kimeng'enya chochote cha kuvunja kabapenemu kuletwa kutoka nje.

Tatizo ambalo limejadiliwa kwa miaka mingi bila kupatiwa dawa linaanzia hapa. Mashine za kupima jeni zinazosambazwa katika maabara za rufaa hutafuta makundi matano ya jeni za vimeng'enya, yaani KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48. Bila kubeza mchango wa mashine hizo, ambao ni mkubwa na umeokoa maisha, ni lazima isemwe wazi kwamba hazikuundwa kutambua mfereji uliopotea. Pamoja na hayo, majibu huendelea kuandikwa "hakuna usugu wa kabapenemu" pale ambapo kilichothibitishwa ni kutopatikana kwa jeni hizo tano tu. Jibu la namna hiyo likifika wodini, mgonjwa huendelea kupewa dawa isiyoingia ndani ya bakteria anayemshambulia. Inasikitisha kwamba kosa hili hutokea hata mahali ambapo ushahidi upo mezani: juu ya sahani ya kuoteshea, diski ya ertapenemu imezungukwa na duara dogo, ilhali duara la meropenemu kando yake bado ni pana. Kwa viwango vya CLSI, taasisi inayoweka vigezo vya vipimo vya maabara, duara la ertapenemu lenye milimita 18 au pungufu huhesabiwa kuwa la usugu, na la meropenemu lenye milimita 23 au zaidi huonyesha kwamba dawa hiyo ingali inafaa. Tofauti hiyo ni dokezo la mfereji uliopotea, ingawa si uthibitisho, kwani baadhi ya bakteria wenye OXA-48 nao huonyesha sura inayofanana.

Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba maabara ziache kuandika "hakuna usugu" kwa kutegemea kipimo cha jeni peke yake, na badala yake zitaje jeni zilizotafutwa na kukosekana. Ertapenemu na meropenemu zipimwe na kuripotiwa kila moja kwa jina lake, na milimita zilizopimwa zihifadhiwe katika rejista, kwa sababu herufi ya S (dawa inafaa) au R (usugu) peke yake huficha duara linalopungua mwezi hadi mwezi.

Kipimo cha jeni kiendelee kutumika, lakini kisichukue nafasi ya diski. Mgonjwa ambaye hapati nafuu akiwa katika kabapenemu achukuliwe sampuli upya, kwa kuwa bakteria wa siku ya kwanza huenda si sawa na wa siku ya kumi. Hospitali zidhibiti matumizi ya seftriaksoni, maana ndiko mlolongo huu wote unakoanzia, na utoaji wa kabapenemu upitiwe na kamati ya dawa kila wiki.

Kamati za kudhibiti maambukizi nazo zisilegeze usafi wa mikono na utengaji wa wagonjwa kwa kigezo kwamba jeni tano hazikuonekana, kwani plasmidi yenye CTX-M-15 bado huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Wizara zinazohusika, zinaponunua mashine za jeni, zitenge pia fedha za diski na za majokofu ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri, ili bakteria wanaokataa ertapenemu bila kuonyesha jeni yoyote kati ya hizo tano wahifadhiwe na kupelekwa katika maabara zenye uwezo wa kusoma mpangilio wa jeni za OmpK35 na OmpK36.