Gesi ya Kiyoyozi cha Gari: Tafuta Inapovuja Kabla ya Kujaza

Mazungumzo kwa madereva, wenye magari na mafundi wa gereji, Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma



Huku Kamukuywa wengi huona kiyoyozi cha gari, yaani AC, kuwa anasa ya watu wa Mombasa na Kisumu. Lakini dereva anayetoka hapa alfajiri kwenda Kitale au Webuye, mvua ikinyesha na gari limejaa abiria, anajua jinsi kioo cha mbele kinavyofunikwa na ukungu wa pumzi. Kiyoyozi hukausha hewa hiyo upesi. Kikiwa kimekufa, dereva hupangusa kioo kwa kitambaa huku akiendesha kwa mkono mmoja, na mbele yake huenda kuna trekta la miwa lisilo na taa.

Gesi ya kiyoyozi haichomeki na kuisha kama petroli. Ileile huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kiasi kidogo sana hupotea mwaka hadi mwaka kupitia hosipaipu, lakini gari linalojazwa kila baada ya miezi miwili linavuja mahali fulani. Hata hivyo, desturi ya gereji nyingi ni kuongeza tu. Mteja analipa, baridi inarudi kwa wiki chache, kisha analipa tena.

Geji nayo hudanganya. Katika gari lililozimwa kwa saa kadhaa, gesi ya R-134a iliyo kwenye magari mengi huonyesha kama psi 68 joto likiwa nyuzi 20. Itaonyesha hivyo hivyo hata nusu ikiwa imetoka, mradi tu kuna kiasi kilichobaki katika hali ya maji. Kwa hiyo geji haitoshi kusema gesi imejaa. Inayosema ukweli ni mizani: gesi hutolewa, hupimwa, kisha hujazwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Fundi mzuri huanza kwa macho. Ndani ya gesi kuna oili ya kompresa, na gesi inapotoka huivuta nayo. Kiungio chenye vumbi lililoshikana na mafuta ni cha kushukiwa. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, hupigwa na mawe ya barabara. Vali za kujazia huvuja, hasa zikipoteza vifuniko. Halafu kuna sili ya kompresa, na hapa ubaridi wetu unatuponza: kiyoyozi kisipowashwa kwa miezi, oili haizunguki, sili inakauka na kuanza kupitisha.

Povu la sabuni hufichua tundu kubwa. Kwa tundu dogo, kuna rangi maalumu inayotiwa ndani na kumulikwa kwa taa ya urujuani baada ya gari kutembea siku kadhaa. Kuna pia kifaa cha kunusa gesi. Kipitishwe polepole upande wa chini wa kila kiungio, injini ikiwa imezimwa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Sehemu iliyo nyuma ya dashibodi haionekani, basi kinuswe kibomba kinachotoa maji chini ya gari.

Mfumo ukiwa mtupu, hujazwa naitrojeni kavu kupitia regyuleta na kuangaliwa kama presha inashuka. Oksijeni ya kuchomelea isitumiwe kamwe: ikikutana na oili kwa presha, hulipuka. Mtungi wa gesi ya kupikia nao usikaribishwe. Ni kweli hutoa baridi, na ndiyo maana unashawishi, lakini ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha kuwachoma abiria.

Fundi avae glavu na miwani. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na tone lake hugandisha ngozi au jicho.

Kuiachia hewani pia ni hasara ya wote. R-12 ya zamani iliondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini kilo moja hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi, na mwaka 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za aina hiyo. Nusu kilo inayotoka kwenye gari dogo inakaribia madhara ya kuchoma lita 300 za petroli.

Kabla ya kulipa, mwenye gari amwombe fundi amwonyeshe inapovujia. Baada ya matengenezo, mabomba yavutwe hewa yote kwa nusu saa, vali ifungwe, na mshale wa geji usipande. Ndipo gesi ijazwe. Kisha kiyoyozi kiwashwe dakika kumi kila wiki, hata Julai.