Barabara ya 13

Msikilizaji, kama ulikulia kwenye nyumba yenye redio, bila shaka unaikumbuka kwaya ya Ulyankulu, Barabara ya 13. Kwetu ilikuwa ikianza tu, mama anapunguza moto, mboga inatokota polepole, na sisi watoto tunajua hakuna kupiga kelele mpaka wimbo uishe. Nilidhani Barabara ya 13 ni mtaa wa mji mkubwa, mji wenye barabara nyingi mpaka majina yakaisha, watu wakaanza kuhesabu. Nilishakuwa mtu mzima nilipoambiwa kuwa ni barabara ya vumbi katika makazi ya wakimbizi mkoani Tabora, na kwamba sauti zile zilitoka kwa Warundi waliokimbia kuuawa.

Nawakumbuka watu hao leo kwa sababu mazungumzo ya wahamiaji yamerudi vinywani mwetu. Unayasikia kwenye daladala, unayasikia vijiweni: wageni wamezidi, wanatumalizia ardhi, wanazaana, hawachangamani na wenyeji. Maneno hayohayo husemwa Ulaya na Marekani juu ya watu wenye rangi yetu, na tukiyasikia yanatuuma. Basi na tuyapime hapa nyumbani, kwa kazi ambayo nchi yetu imeifanya kwa mikono yake kwa zaidi ya miaka 50.

Mwishoni mwa Aprili 1972, waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa Burundi na kuua Watutsi. Serikali ya Michel Micombero na jeshi lake wakajibu kwa kuwasaka Wahutu, wakianza na waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio mengi yanataja waliouawa kuwa 100,000 na zaidi. Waliopona walivuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi, wengine wakaja kwa miguu kupitia Kigoma. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawaondoa mpakani na kuwapeleka ndani zaidi, kwenye mapori ya miombo yenye mbung'o: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Kila familia ilikatiwa kama hekta 5. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilipokea walipofika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha na kuuza ziada, mahindi, maharage, tumbaku, na mashirika ya misaada yakafungasha yakaondoka.

Nilipofika Katumba, bibi mmoja alinikaribisha kivulini, ubavuni mwa nyumba yake ya matofali ya kuchoma. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia, marahaba mwanangu, akauliza kama huko pwani tunapata mvua. Alivuka ziwa akiwa msichana wa miaka 15. Tukazungumza ya mihogo, ya magoti, ya wajukuu, kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Alitoa kanga iliyokunjwa, ndani ya kanga mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko huo mfuko mwingine, na ndani yake cheti cha uraia. Hakunikabidhi. Alikishika mwenyewe kwa pembe mbili, nami nikainama kukisoma kikiwa mikononi mwake. Mjukuu wake wa kike alikuwa amesimama nyuma yetu. Bibi akamwambia neno kwa Kirundi, mtoto akajibu kwa Kiswahili, akakimbia kuleta maji.

Cheti kile kilichelewa, na kuchelewa kwake ndiko kiini cha maoni yangu leo.

Mwaka 2007 serikali iliwauliza wakazi wa makazi yale matatu, watu wapatao 218,000, wanataka nini: kurudi Burundi au kuwa Watanzania? Wanne kati ya kila watano walichagua Tanzania. Maombi ya watu zaidi ya 162,000 yakakubaliwa. Sijui nchi nyingi zilizowahi kufungua mlango kwa upana huo, tena kwa mara moja, na Mtanzania yeyote ana haki ya kulisema hilo kwa kujivuna. Lakini uamuzi ule ulikuja na sharti. Makazi yafungwe, watu watawanywe katika mikoa mingine, na cheti mtu akipate baada ya kuhama.

Nataka niwatendee haki waliotunga sharti hilo, maana halikutoka kwa watu wenye chuki. Hoja yao ilikuwa kwamba ukiwaacha Warundi maelfu kwa maelfu mahali pamoja, utakuwa umewapa uraia na bado una Burundi ndogo katikati ya nchi. Tena walikuwa na ushahidi wa kuwatia hofu: chama cha PALIPEHUTU, kilichokuja kushika silaha Burundi, kilianzishwa Mishamo mwaka 1980. Serikali isiyoliangalia jambo la namna hiyo ingekuwa imelala.

Ila tujiulize kilichoifanya Mishamo iwe vile. Mtafiti Liisa Malkki aliishi na wakimbizi hawa mwaka 1985 na 1986, akawalinganisha wa Mishamo na wenzao waliojipenyeza Kigoma mjini. Kitabu chake cha mwaka 1995 kinaeleza tofauti kubwa. Mishamo, watu walikuwa wakisimulia mauaji ya 1972 kila kukicha, na Uhutu wao ulizidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka. Kigoma mjini, watu wa asili ileile, walioukimbia moto uleule, walikuwa wamezama katika mji: wameoa na kuolewa, wengine ni Waislamu, wengine wanajitambulisha kama Waha au watu wa Kigoma tu. Uhutu haukuwa na kazi kubwa katika maisha yao ya kila siku.

Mtu anaweza kuniambia: haya basi, si umeona? Waliotawanyika walichanganyika, waliokusanywa walijitenga, kwa hiyo sharti lilikuwa sahihi. Nimeifikiria hoja hiyo kwa muda mrefu, na naona inasahau jambo moja. Wale wa Kigoma hakuna aliyewatawanya. Walitafuta wenyewe chumba cha kupanga, genge la kuuzia, mchumba. Na wale wa Mishamo hawakujitenga; walitengwa. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali chenye mhuri. Mtu akitaka kwenda Mpanda kumwona dada yake anayeumwa, anaanza ofisini. Ukimfungia mtu ndani ya mpaka kwa miaka thelathini na kitu, kisha ukashangaa kwamba anawajua wa ndani peke yao, unamlaumu kwa mpaka ulioujenga wewe. Dawa yake ilikuwa kuufuta mpaka na kuwaacha watu watembee. Badala yake tukapanga kuwapakia kwenye malori kwa mara ya pili maishani, tuwashushe mahali ambapo hawajui hata kisima kilipo.

Miaka ile ya kungoja iliumiza kimyakimya. Mtu aliyeambiwa kesho utahama hajengi, na wala hapandi mti. Bibi yule wa Katumba aliniambia ukuta wake wa nyuma ulibomoka kwa mvua akauziba kwa turubai, misimu minne turubai, kwa sababu kila mwaka walisikia malori yanakuja. Malori hayakuja. Mikoa iliyotakiwa kuwapokea ilisitasita, fedha za kuwahamisha hazikutosha, mpango ukakwama. Hatimaye sharti likaachwa, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete akaanza kuwakabidhi vyeti. Tangu waulizwe, ilikuwa imepita miaka 7.

Sasa nije kwenye hesabu ya watu, maana hapo ndipo hofu inapokaa. Mwaka 2012 mkoa wa Katavi, ziliko Katumba na Mishamo, ulikuwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa umekua mara mbili na zaidi ndani ya miaka 10. Katavi iliongeza watu kwa asilimia 7.1 kwa mwaka, wakati taifa zima lilikuwa kwenye asilimia 3.2. Mwenyeji wa Mpanda akilalamika kwamba shamba la kukodi halipatikani kama zamani, na kwamba darasa la mwanawe limejaa hadi mlangoni, anasema kweli na anastahili kusikilizwa. Lakini Katumba na Mishamo zilishakuwa na watu wake tangu miaka ya 1970, na sensa ya 2012 iliwakuta hapohapo. Ongezeko hilo haliwezi kuwa la wao kuwasili. Kwa sehemu kubwa limeletwa na Watanzania wenyewe, wakulima na wafugaji waliokuja kufuata ardhi na malisho, wengi wao kutoka Usukumani. Ukitaka kugombana na ongezeko la watu Katavi, itakubidi ugombane na katiba inayomruhusu Mtanzania kuishi popote.

Kijana mmoja wa Katumba alinieleza safari yake kwenye dirisha la ofisi moja, kufuata karatasi ambayo vijana wenzake walipewa siku hiyohiyo. Karani aliuliza amezaliwa wapi. Akajibu, Katumba. Karani akaweka kalamu chini. "Aa, wewe ni raia mpya. Simama pembeni kwanza." Kijana amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, wimbo wa taifa ameuimba kila asubuhi tangu darasa la kwanza. Alisimama pembeni mpaka saa 9 alasiri, akaambiwa arudi wiki ijayo.

Hilo neno, raia mpya, nalichukia. Najua tulilianzisha kwa nia njema, tuache kuwaita wakimbizi. Lakini upya huo unakoma lini? Sheria yetu tayari inawatofautisha vya kutosha: raia wa tajnisi, yaani aliyepewa uraia kwa kuomba, hawezi kugombea urais, na uraia wake unaweza kufutwa, jambo ambalo halimpati raia wa kuzaliwa. Hayo yameandikwa na yanajulikana. Kusimamishwa pembeni hakumo katika sheria yoyote. Na mtoto aliyezaliwa mwaka 2015 na wazazi wenye vyeti ni raia wa kuzaliwa, sawasawa na mimi na wewe. Karani akimwita raia mpya anasema uongo juu ya sheria anayolipwa kuitekeleza.

Tuwatazame na ndugu zetu Wamakonde wa Kwale, Kenya. Babu zao walikwenda kuanzia miaka ya 1930, wengi kutoka Msumbiji, kulima mkonge na miwa. Vizazi na vizazi walikaa bila kitambulisho, hawawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lao. Oktoba 2016 waliondoka pwani wakiwa wameazimia kufika Nairobi kwa Rais Uhuru Kenyatta, na wakafika. Vitambulisho wakapewa, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Nakumbuka tulivyoshangilia huku, kwamba Wamakonde wetu wametendewa haki. Furaha ileile tunadaiwa na kijana wa Katumba.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa ofisi zenye madirisha ya namna ile: anayeleta cheti, au cheti cha mzazi wake, ahudumiwe kwenye foleni aliyoikuta. Swali la asili lisirudiwe baada ya serikali kulijibu kwa maandishi na mhuri. Na sisi wa vijiweni tuache kuwahesabu watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kama wageni kila tunapotafuta wa kumlaumu kwa ardhi kuwa finyu.

Wakati naondoka, bibi alinipeleka uani kunionyesha miembe miwili. Aliipanda mvua za kwanza baada ya kupata cheti. Kabla ya hapo, alisema, ingekuwa ni kumpandia mtu mwingine. Sasa inazaa. Watoto wa jirani, familia ya Kisukuma iliyohamia juzijuzi, walikuwa wakizipiga embe kwa mawe kutoka ng'ambo ya uzio. Nilidhani atawafukuza. Akawaita kwa majina, akawaambia waache mawe, wazunguke mlangoni, wapande juu wachume zilizoiva, na mmoja amchumie mgeni wake za kubeba.