Amana ya Kura Pale Wagombea Wote Wana Kasoro

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mliopo msikitini nanyi mtusikilizao majumbani, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, 2024, tulikuwa Itaka, Wilaya ya Mbozi. Walitujia vijana wa kijiji cha jirani, ambacho hatukitaji kwa kuwa wahusika wangali hai. Wakasema: "Sheikh, wanaogombea uenyekiti wa kijiji ni wawili. Mmoja ni mwenzetu, hakosi safu ya mbele. Lakini alipokuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji alitia saini muhtasari wa kugawa shamba bila kuusoma, kwa kuwa aliyeuleta ni mtu mkubwa. Wa pili si Muislamu, na pombe anakunywa. Lakini alishika fedha za ujenzi wa darasa, akarejesha hesabu hadi senti ya mwisho. Je, si afadhali tukae nyumbani?"

Swali hili si geni. Imam Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 855, aliulizwa juu ya makamanda wawili, mmoja hodari na mwovu, wa pili mwema na dhaifu. Akajibu kuwa uhodari wa yule wa kwanza ni faida ya Waislamu na uovu wake ni juu ya nafsi yake, ilhali wema wa wa pili ni wake na udhaifu wake unawadhuru wote. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus mwaka 1328, akaongeza kuwa ikiwa kazi ni kulinda mali, mwaminifu hutangulizwa. Basi kwanza huangaliwa kazi yenyewe, kisha mtu.

Na kazi ya kijiji ni ipi? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kwa amana kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Katika nchi ya kahawa kama Mbozi, saini moja ya mtu asiyeweza kusema hapana huwaondoa watoto wa watu shambani.

Msidhani tunaudharau ucha Mungu. Abu Dharr, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, nani amfikiaye? Hata hivyo Mtume (S.A.W.) alimnyima uongozi, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na jambo hilo ni amana. Na katika Hijra ya mwaka 622, aliyekabidhiwa ngamia na njia ya Madina alikuwa Abdullah bin Urayqit, ambaye hakuwa Muislamu. Lakini aliijua njia na hakusaliti.

Pombe ni haramu, nasi haturudi nyuma katika hilo. Lakini lau kura ingekuwa yetu, tungempa yule wa pili, huku mioyo ikituuma. Kukaa nyumbani hakukuwa kujitenga na dhambi. Mmoja wao angekaa kitini vilevile, akachaguliwa na waliopewa sukari na khanga. Na hilo waliloliita takrima, Mahakama Kuu ililibatilisha mwaka 2006. Mtume (S.A.W.) alikwisha kumkemea mkusanya zaka aliyedai kuwa amepewa zawadi: angekaa kwa baba yake na mama yake, aone kama ingemfikia!

Kijana mmoja akauliza: "Na akishinda, akabadilika?" Tukamwambia aende kwenye mkutano mkuu wa kijiji, aombe mapato na matumizi yasomwe, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla haujatiwa saini. Akacheka, akasema mikutano hiyo huhudhuriwa na wazee tu.

Twasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwetu na kwenu.