Simba wa Marekani na Simba wa Japani

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Mwandiga, Kigoma

(Mwalimu wa darasa: Kabla somo halijaanza, andika ubaoni maneno haya: katuni, mchoro, sekunde, mandhari. Kila mwanafunzi awe na daftari na penseli.)

 

Leo tutazungumza juu ya sinema za katuni, yaani sinema ambazo watu wake na wanyama wake wamechorwa. Labda mtu atasema, "Katuni ni mambo ya watoto. Sisi watu wazima yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Watoto wetu huzitazama katika televisheni, katika simu, na katika vibanda vya video. Mwenye kulipa ni wewe mzazi, na mlipaji ana haki ya kujua amenunua kitu gani.

Tena, vijana wetu hubishana. Mmoja asema katuni za Marekani ndizo bora, kwa sababu wanyama wake hutembea kama wanyama hasa. Mwingine asema za Japani ndizo bora, kwa sababu hadithi zake ni nzito na nyuso zake zaingia moyoni. Leo tutalipima shauri hili. Lakini kabla ya kuhukumu kazi ya fundi, yafaa tujue kwanza kazi yenyewe hufanywaje.

MTUMBWI KATIKA PEMBE YA DAFTARI

Chukua daftari lako. Katika pembe ya ukurasa wa kwanza, chora mtumbwi mdogo na mvuvi mmoja ndani yake. Katika ukurasa unaofuata chora mtumbwi ule ule, ila usogeze kidogo upande wa kulia. Endelea hivyo hivyo mpaka kurasa 12 ziishe. Sasa zishike pembe zote kwa kidole gumba, kisha uziachie upesi upesi. Waona nini? Mtumbwi unakwenda!

Kwa kweli hakuna mtumbwi uliokwenda. Jicho limedanganyika. Picha zafuatana upesi mno, na akili yetu huziunganisha kuwa mwendo mmoja. Hiyo ndiyo siri ya katuni zote duniani.

Sasa tufanye hesabu. Katika sinema, picha 24 hupita mbele ya macho kila sekunde. Dakika moja ina sekunde 60. Basi 24 mara 60 ni 1,440. Mchoraji akitaka kila picha iwe na mchoro wake mpya, atachora michoro 1,440 kwa dakika moja tu. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Kwa hiyo mara nyingi mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili. Hapo michoro ni 12 kwa sekunde, au 720 kwa dakika. Mchoro ukipigwa picha mara tatu, michoro ni 8 kwa sekunde, au 480 kwa dakika.

Hapa ndipo njia zinapoachana, kama barabara ya Kasulu na ile ya Manyovu zinavyoachana hapo Mwandiga. Sinema kubwa za Marekani kwa desturi zilifuata hesabu ya 12, na mahali penye mwendo wa kasi zilipanda hata 24. Katuni za televisheni za Japani kwa desturi hufuata hesabu ya 8, na mara nyingi hushuka chini yake.

NJIA YA MAREKANI

Katika Marekani jina kubwa ni Walt Disney. Mwaka 1928 alimtoa panya wake, Mickey Mouse, katika katuni yenye sauti. Mwaka 1937 akatoa sinema ndefu ya binti aitwaye Snow White. Disney alitaka kila kitu kilichochorwa kiwe na uzito. Mtu akiruka, mwili ujikunje kwanza. Akianguka, nguo zimfuate nyuma. Kwa ajili ya sinema ya Bambi ya mwaka 1942, wachoraji waliletewa paa wadogo walio hai ili wajifunze jinsi wanavyosimama na kupepesuka. Kazi kama hiyo yataka watu wengi, miaka mingi na fedha nyingi.

NJIA YA JAPANI

Katika Japani jina kubwa ni Osamu Tezuka. Alisomea udaktari, lakini akashika kalamu ya kuchora. Alizipenda sana sinema za Disney, na yale macho makubwa ya katuni za Kijapani yana asili yake kwa sehemu katika katuni za Kimarekani alizozitazama Tezuka. Basi mwanafunzi na mwalimu wasichukuliwe kuwa maadui.

Tarehe 1 Januari 1963 kipindi chake cha mtoto wa chuma, Astro Boy, kilianza katika televisheni ya Japani. Kila juma ilitakiwa hadithi mpya, na fedha zilikuwa chache. Tezuka alikiuza kipindi hicho kwa bei iliyo chini ya gharama yake. Afanyeje? Alipunguza michoro, kwa njia tatu hasa.

Kwanza, mtu anaposema, mwili wake husimama, na mdomo peke yake ndio unaochorwa upya.

Pili, mtu anapokimbia, mandhari iliyochorwa nyuma yake husogezwa, naye aonekana kwenda mbali.

Tatu, michoro iliyokwisha tumika hutunzwa, kisha hutumika tena katika hadithi nyingine.

Jaribu katika daftari lako. Safari hii mtumbwi usiende. Chora kasia tu likipanda na kushuka, na viwimbi viwili vikirudi nyuma. Utaona kwamba kwa michoro michache mvuvi wako bado anapiga kasia, na mtazamaji ameelewa.

SIMBA WAWILI

Sasa tulinganishe kwa mfano mmoja. Mataifa haya mawili yamepata kumchora mnyama wetu, simba wa Afrika.

Simba wa Japani ni wa Tezuka. Alianza kumchora katika gazeti la hadithi mwaka 1950, na mwaka 1965 akaingia katika televisheni kwa rangi. Katika Japani aliitwa Leo, na katika Marekani wakamwita Kimba. Ni simba mweupe, ambaye baba yake aliuawa na mwindaji. Akikua anajaribu kuleta amani kati ya wanyama, na kati ya wanyama na watu.

Simba wa Marekani ni wa Kampuni ya Disney, wa mwaka 1994, na jina lake ni Simba tu. Baba yake auawa kwa hila ya ndugu yake mwenyewe. Mtoto akimbia, kisha arudi kudai haki yake.

Tazama jinsi walivyochorwa. Simba wa Disney akitembea, mabega yapanda na kushuka, na manyoya ya shingoni yapepea. Wachoraji wa Disney walifika Kenya kutazama nchi, na huko kwao wakaletewa simba walio hai wawachore. Nyumbu wanapotimka bondeni, kompyuta iliwazidisha mpaka wakajaa kama mafuriko. Leo wa Japani hana fahari hiyo. Mara nyingi amesimama, na upepo ndio unaokwenda. Lakini uso wake wakaribishwa karibu sana, na jicho lake kubwa lasema huzuni yote. Mtazamaji hatazami misuli ya Leo, humtazama machoni.

Simba wa Marekani alipotoka, watu wengi walisema amefanana mno na yule wa Japani, na wachoraji wengi wa Kijapani waliandikia kampuni barua. Kampuni ilikana kuiga, na wenye kazi ya Tezuka hawakwenda mahakamani.

JE, NI USTADI AU NI FEDHA?

Mtu aweza kusema, "Basi Mmarekani ni hodari, Mjapani ni mvivu wa kuchora." Hukumu hiyo si ya haki, na ushahidi upo.

Shahidi wa kwanza ni Marekani yenyewe. Mabwana William Hanna na Joseph Barbera walitoa paka na panya, Tom na Jerry, kuanzia mwaka 1940. Katuni zile zilikuwa za majumba ya sinema, zikiwa na fedha za kutosha, na mwendo wake ni laini kama maji. Mwaka 1957 kampuni iliyowaajiri ilifunga idara yake ya katuni. Mabwana hao wakageukia televisheni, na mwaka 1960 wakatoa katuni ya The Flintstones. Humo miili imesimama, midomo yasema, na mandhari ile ile yapita tena na tena. Mikono ni ile ile, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni fedha na wakati.

Shahidi wa pili ni Japani. Mwaka 1988 ilitoka huko sinema iitwayo Akira. Inasemekana michoro yake ilizidi 160,000. Palipokuwa na fedha, Mjapani naye alichora kwa wingi.

Tena kuna jambo la tatu. Uchache wa michoro, uliozaliwa na shida, uligeuka kuwa ustadi. Hayao Miyazaki ni mtengenezaji mkubwa wa sinema za katuni za Japani. Sinema yake ya mwaka 2001, Spirited Away, ilipata tuzo kubwa ya Marekani ya Oscar mwaka 2003. Ndani yake msichana asafiri kwa gari moshi juu ya maji. Amekaa tu, hasemi neno. Mtazamaji hachoki, kwa sababu kimya kile chamwonyesha upweke wa mtoto. Wapiga ngoma wetu wajua habari hii. Mwenye kupiga bila kuacha nafasi hafanyi ngoma, afanya kelele.

NENO KWA WAZAZI

Kwa hiyo usiulize tu, "Katuni hii ya nchi gani?" Uliza, "Imetengenezwa kwa ajili ya nani?" Katika Japani katuni hutengenezwa kwa watoto, kwa vijana, na kwa watu wazima vile vile. Akira, tuliyoitaja, ina damu na mambo ya kutisha. Sinema nyingine ya mwaka 1988, Grave of the Fireflies, yasimulia ndugu wawili wanaokufa njaa baada ya kupotewa na mama yao vitani. Ni kazi njema sana, lakini mtoto wa miaka mitano haiwezi. Marekani nayo ina katuni za watu wazima, zenye matusi. Picha ya kuchora si cheti cha kwamba kitu ni cha watoto. Keti na mtoto, utazame naye mwanzo wake, kisha uamue.

NA SISI JE?

Simba ni wetu, lakini waliomchora na kumuuza ni wengine. Hata maneno yetu yamechukuliwa. Ile sinema ya 1994 ina Rafiki, ambaye ni nyani, na Pumbaa, ambaye ni ngiri. Mwaka 2003 Disney iliandikisha huko Marekani maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi kupinga jambo hilo.

Kulalamika peke yake hakutoshi. Dawa ni kuchora. Mwaka 2010 hadithi za wanyama za Tinga Tinga Tales zilitengenezwa Nairobi, kwa kufuata mtindo wa picha alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam. Mwaka 2014 kipindi cha Ubongo Kids, kilichotengenezwa Dar es Salaam, kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya taifa, kikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Ukizitazama katuni hizo utaona mwendo wa viungo si mwingi kama wa simba wa Disney. Usizidharau kwa hilo. Mtoto wa Mwandiga aliyejifunza kugawanya kwa wimbo wa Kiswahili hakupungukiwa kitu kwa sababu mkono wa mwalimu wa katuni haukupinda sana.

Basi jibu la ubishi wetu ni hili. Marekani imetufundisha jinsi mwili unavyokwenda. Japani imetufundisha kwamba hadithi njema yaweza kubebwa na michoro michache. Sisi wenye fedha chache tuna la kujifunza kote kuwili, na zaidi kwa yule aliyeanza mwaka 1963 na mfuko mwepesi.

MASWALI YA MAZUNGUMZO DARASANI

1. Sinema ya dakika 80 ina michoro 720 kwa kila dakika. Jumla ni mingapi? Ikiwa ni 480 kwa dakika, ni mingapi? Tofauti yake ni nini?

2. Taja njia tatu za kupunguza michoro.

3. Kwa nini Hanna na Barbera walibadili namna ya kuchora?

4. Watoto wako hutazama katuni zipi? Umepata kuketi nao?

5. Kama ungepewa wachoraji watano tu, ni hadithi gani ya kando ya Ziwa Tanganyika ungewaambia waichore? Ni sehemu gani ingetaka mwendo mwingi, na ipi ingetaka kimya? Andika majibu kwa sentensi tano.

(Mwalimu: Majibu ya swali la kwanza ni 57,600, na 38,400. Tofauti ni 19,200.)

 Daftari zenye mitumbwi zitunzeni, muwaonyeshe watoto nyumbani. Kwaherini.